Karafuu ina mizani, chumba cha mgeni hakina

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie mjadala wa mapato ya Serikali, mjadala ambao kila ukifika msimu wa bajeti huanza kwa tozo mpya na kumalizikia kwa lawama, ilhali kodi ya mapato iliyostahiki kulipwa na haikulipwa hupitwa kimya kama nyumba ya jirani tusiyesemeshana naye. Nimefanya kazi ya ukarani wa hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu yake serikalini na sehemu katika biashara za watu, na sasa nimestaafu na kurudi kwetu Wete. Mengi ya nitakayoyasema hapa niliyaandika kwa kalamu yangu mwenyewe kwenye mabuku ya hesabu kabla sijayaandika katika barua hii.

Nianze na jambo ambalo kila Mpemba analijua. Mkulima wa karafuu akishachuma, akachambua makonyo, akaanika na kupakia magunia yake, hana pa kuuzia kihalali isipokuwa kituo cha Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC. Pale gunia huwekwa juu ya mizani, karani hutia mkono ndani kuona kama karafuu imekauka sawasawa, daraja hutajwa, kilo huandikwa, na mkulima hupewa stakabadhi pamoja na fedha zake. Hakuna anayemtaka aseme kwa kauli yake amevuna kiasi gani, kwa kuwa mizani imekwisha kusema. Anayetaka kuikwepa mizani hiyo inambidi avushe mzigo usiku kwa mashua kuelekea pwani ya Kenya, na huko baharini anangojewa na KMKM, kikosi ambacho hata jina lake limewekwa kwa ajili ya kuzuia magendo. Mkulima huyu, ambaye mara nyingi anaishi kwenye nyumba ya udongo, anajulikana na Serikali kwa kilo.

Tumchukue sasa mwenye nyumba ya wageni ufukweni. Yeye anauza usiku wa kulala badala ya kilo, na bei ya usiku mmoja wa kwake inaweza kushinda ya pishi nyingi za karafuu. Yeye anapimwa na nani?

Niliwahi kuajiriwa katika nyumba moja ya wageni iliyoko pwani ya mashariki ya Unguja, ambayo sitaitaja, na siku ya kwanza ya kazi tajiri alinikabidhi mabuku mawili. Katika buku la jalada la buluu nilitakiwa kumwandika kila mgeni aliyelala, chumba chake, siku alizokaa, fedha alizotoa na kwa sarafu gani. Hilo lilikuwa la tajiri mwenyewe, na usiku lilifungiwa kabatini pamoja na funguo za akiba. Buku la pili, jembamba, lenye kona zilizokunjika, lilikaa juu ya meza ya mapokezi, na ndilo lililotolewa kila alipoingia mtu mwenye mkoba na kitambulisho cha Serikali. Naukumbuka mwezi mmoja wa Agosti ambao buku la buluu lilionesha vyumba vyote kumi na vinne vimejaa usiku baada ya usiku, na lile la mezani halikupita vyumba vitano. Mwisho wa mwaka hesabu za kodi ya mapato zilitengenezwa kutokana na buku la mezani, zikatoka na hasara ndogo, hasara ya adabu, isiyoweza kumtia mtu shaka. Mabuku yote mawili yaliandikwa kwa mkono wangu na sijitoi katika lawama. Niliacha kazi ile baada ya misimu miwili, na niliacha kwa sababu mshahara ulikuwa mdogo wala haikuwa uchamungu. Ni afadhali niliseme hilo mwenyewe kabla hajalisema mwengine.

Lililonikaa moyoni hadi leo ni kwamba mwezi ule ule wa Agosti mshahara wangu, na wa mpishi, ulikatwa kodi kabla haujafika mikononi mwetu. Kodi ya mshahara haina buku la pili. Mwajiri huikata juu kwa juu na sheria inamtaka aipeleke TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na asipoipeleka, mfanyakazi huonekana kwenye karatasi yake ya mshahara kuwa amelipa ilhali hazina haikupata kitu. Katika madeni yote ya kodi naliona deni la namna hii kuwa ndilo baya kuliko yote, maana fedha imeshatoka kwa mlipaji na imekaa tu kwenye mfuko wa mtu wa kati, ambaye huizungusha katika biashara yake kana kwamba amekopeshwa bila riba.

Katika suala la nyumba za kupangisha kuna kichekesho ambacho lugha yetu yenyewe imekihifadhi. Kiswahili kinatumia neno moja, kodi, kwa fedha anayotoa mpangaji na kwa fedha inayodaiwa na Serikali. Mwenye nyumba wa Unguja mjini, au wa Chake Chake, atakudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla hujaingiza hata godoro, na mwezi wa saba ukichelewa wiki moja atakwenda kwa sheha. Ukimuuliza kuhusu ile kodi ya pili, atakwambia nyumba ni ya urithi.

Mwezi uliopita nilikwenda Chake kununua mabati. Kijana wa dukani aliandika hesabu juu ya kipande cha boksi, akanitazama na kuuliza kwa adabu kabisa, “Mzee wangu, unataka na risiti au bila ya risiti?” Bei zilikuwa mbili, na nilipoitaka yenye risiti ilibidi nisubiri, kwanza mtandao haukuwapo, kisha aliyezoea kutoa risiti alikuwa amekwenda kusali. Watu hudhani kwamba risiti isiyotolewa inapoteza VAT peke yake, kodi ya ongezeko la thamani, ile ya asilimia 15 inayokusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, iliyochukua nafasi ya Bodi ya Mapato mwaka 2022. Ukweli ni kwamba hufa kodi mbili kwa pigo moja, kwa kuwa mauzo yasiyoandikwa hayazai faida kwenye karatasi, na mwisho wa mwaka, pale anapojaza ritani ya TRA, yaani fomu ya kueleza kipato chake cha mwaka kwa ajili ya kodi ya mapato, mfanyabiashara huyo ataonekana mtu wa kusaidiwa.

Wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya nchi maskini, au ya watu wa visiwani, na waitazame Marekani. Idara ya mapato ya nchi ile, IRS, hukadiria na kutangaza hadharani tofauti iliyopo kati ya kodi iliyostahiki na ile iliyolipwa kwa wakati wake, na kwa mwaka wa kodi wa 2022 iliikadiria kuwa dola bilioni 696, ambayo ni kama asilimia 15 ya kodi yote iliyostahiki. Hiyo ni tarakimu ya kushangaza, lakini iliyonifungua macho ni nyengine. Katika makadirio yao, kipato cha mshahara, ambacho mwajiri hukikata kodi na kukiripoti, hakiandikwi sawasawa kwa kiasi cha asilimia 1 tu; kipato ambacho hakuna mtu wa pili anayekiripoti, kama vile faida ya biashara ndogo inayolipwa fedha taslimu, hupotea kwenye karatasi kwa asilimia 55. Watu ni wale wale, skuli walizosoma ni zile zile, na kanisa wanaloingia ni lile lile. Mtu mmoja anaweza kuwa mkweli kabisa katika mshahara wake na muongo katika biashara yake ya pembeni, tena katika fomu moja. Kwa hiyo tunapohubiriana uzalendo wa kulipa kodi, na mabango yakatundikwa njia nzima ya uwanja wa ndege, tunazungumza na roho ya mtu wakati kilichokosekana ni mizani.

Zanzibar ilipokea wageni 736,755 mwaka 2024, na sensa ya 2022 ilituhesabu sote, Unguja na Pemba, kuwa watu 1,889,773. Wageni hawa hawaingii kwa kificho. Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya Tanzania anatakiwa kuwa na bima ya safari ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar, Uhamiaji unamgongea muhuri, na hoteli inatakiwa itoe tozo ya miundombinu kwa kila usiku anaolala. Mlangoni, basi, hesabu ipo. Tatizo huanza pale mgeni huyo anapopanda gari na kwenda katika nyumba aliyoikodi kwa intaneti akiwa bado kwao Ulaya, akamlipa mwenye nyumba kwa kadi kupitia kampuni ya nje, na mwenye nyumba akapokea fedha zake katika benki ambayo pengine hata haiko Afrika Mashariki. Katika safari nzima ya fedha hiyo, aliyepata kuigusa hapa Zanzibar ni mfua mashuka. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 kwa makampuni ya nje yanayotoa huduma kwa njia ya mtandao, na ni hatua ya maana, lakini hiyo inaigusa kampuni kwa ujira wake. Kipato cha mwenye nyumba kinabaki kuwa siri yake na ya simu yake.

Tufanye hesabu ya mkato, ya mfano tu. Nyumba moja inayokodishwa kwa dola 120 kwa usiku, ikilalwa usiku 200 kwa mwaka, inaingiza dola 24,000, ambazo kwa shilingi 2,500 kwa dola ni shilingi milioni 60. Tuchukue asilimia 10 tu, kiwango kile kile cha kodi ya zuio ambacho kampuni iliyopanga nyumba kwa ofisi yake hukata kwenye pango na kukipeleka TRA, tunapata milioni 6. Pensheni jamii, ambayo Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 na sasa ni shilingi 50,000 kwa mwezi, humfikia mzee mmoja kwa 600,000 kwa mwaka. Nyumba hiyo moja ni wazee kumi. Mimi mwenyewe ni miongoni mwa wanaopanga foleni ya pensheni hiyo, na nikiwatazama wenzangu waliokaa juu ya benchi la ofisi wakingoja kuitwa majina huwa nawahesabu kumi kumi, kila kumi nyumba moja. Ni tabia mbaya ya karani mstaafu.

Ipo hoja ambayo huisikia mara nyingi, na kwa kuwa ina sura ya siasa watu huogopa kuijibu. Husemwa kwamba kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwamba inakusanywa na TRA, na kwa hiyo anayeikwepa anakwepa kuipeleka fedha Bara. Sehemu ya kwanza ni kweli: Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 imeitaja kodi ya mapato ya watu binafsi na ya mashirika kuwa ni jambo la Muungano, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inatumika pande zote mbili. Hitimisho lake, hata hivyo, halimo katika ukweli huo, kwani kodi inayokusanywa na TRA hapa Unguja na Pemba hubaki na kutumiwa Zanzibar. Anayekataa kuilipa kwa jina la kuitetea Zanzibar anaifungia Zanzibar hiyo hiyo kisima. Mambo mengine ya fedha kati ya pande mbili, ikiwemo Akaunti ya Fedha ya Pamoja iliyoandikwa katika ibara ya 133 ya Katiba, yana wakati wake na wasemaji wake, na mimi nina maoni makali kuhusu baadhi yake. Lakini hayampunguzii mwenye hoteli deni lake.

Kuwapo kwa mamlaka mbili ndiko kunakonipa mashaka, na hapa nazungumza kama karani. Mfanyabiashara mmoja huyo huyo huwaeleza ZRA mauzo yake kila mwezi kwa ajili ya VAT au tozo ya hoteli, na huwaeleza TRA faida yake mara moja kwa mwaka. Kwanza huleta makadirio ambayo hulipiwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, wa Juni, wa Septemba na wa Disemba. Kisha, kwa wale ambao mwaka wao wa hesabu huishia Disemba, huleta ritani kabla ya Juni ya mwaka unaofuata kumalizika. Kamisheni ya Utalii nayo ina orodha ya wenye leseni pamoja na idadi ya vyumba. Karani yeyote mwenye karatasi hizi tatu mbele yake, na kikombe cha chai, atachukua nusu saa kujua ni nani mwenye vyumba kumi na vinne katika leseni, wageni wa vyumba vitano katika tozo, na hasara ya adabu katika ritani. Tajiri wangu wa zamani hakuwa mtu mwerevu sana. Alichokuwa anakitegemea ni kwamba karatasi tatu hizo hazitalala juu ya meza moja.

Kuhusu malimbikizo sitasema mengi. Mwaka 2018 Serikali ya Muungano ilitoa msamaha wa riba na adhabu kwa walipakodi wenye madeni ya nyuma waliojitokeza wenyewe na kukubali kulipa kodi yenyewe, na sikuupinga, kwa kuwa deni lililovimba kwa riba hadi likampita mdaiwa halilipiki tena. Ila msamaha ukirudiwa mara kwa mara huwa msimu, kama mvua za vuli, na mtu atachelewesha mbegu zake akiungoja. Aliyelipa kwa wakati hakupata chochote siku ile isipokuwa kuchekwa na jirani yake.

Nisieleweke vibaya kwamba ninataka watu wa kodi waende Forodhani kumhesabia mama anayeuza urojo bakuli zake, au wamfuate dereva wa bodaboda mpaka kijiweni. Kumsumbua mtu wa kiwango hicho hugharimu zaidi ya kinachopatikana, na ndiko kunakoifanya kodi ichukiwe na watu ambao hata hawadaiwi. Wala sizungumzii misamaha ya uwekezaji inayotolewa kwa sheria, kwa sababu hiyo, iwe nzuri au mbaya, imeamuliwa waziwazi na inaweza kuulizwa na mjumbe yeyote Barazani. Ninamzungumzia mtu wa kati na wa juu ambaye anadaiwa, anajua kwamba anadaiwa, ana uwezo wa kulipa, na amegundua kwamba hakuna atakayemuuliza. Kila tozo mpya tunayoiweka juu ya muda wa maongezi, saruji au tiketi ya boti kwa ajili ya kuziba pengo aliloliacha yeye, humwangukia yule yule ambaye mshahara wake hauna buku la pili.

Ombi langu ni kwa gazeti lako, Ndugu Mhariri. Waandishi wako hukaa Chukwani kila kikao cha bajeti cha Baraza la Wawakilishi na kutuletea kiasi kilichokusanywa na asilimia ya lengo iliyofikiwa. Lakini lengo ni kiasi ambacho Serikali imejiwekea, na linaweza kuvukwa na huku nusu ya wadaiwa wamelala. Ninaomba safari hii wamuulize Waziri anayehusika na fedha maswali mawili. La kwanza, lini tutasomewa makadirio ya kodi iliyostahiki kulipwa Zanzibar ikalinganishwa na ile iliyolipwa, kwa kila aina ya kipato, kama wanavyosomewa Wamarekani. La pili, ni nyumba ngapi za kukodisha wageni kwa intaneti zilizotangazwa katika visiwa vyetu mwezi huu, jambo ambalo kijana yeyote mwenye simu anaweza kulihesabu kwa jioni moja, na ni ngapi kati ya hizo zina namba ya mlipakodi. Majibu yakipatikana, naomba yachapishwe ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, maana wengi wa tunaopanga foleni ile ya pensheni macho yetu hayasomi tena herufi ndogo.

Wako,
Karani wa hesabu mstaafu,
Wete, Pemba.